Vituko Nilivyoviona Kutoka Kwenye Kiti Kirefu

Wanangu mnaojifunza uamuzi wa tenisi, kabla hamjakimbilia kununua kofia nyeupe na saa kubwa, kaeni kwanza mnisikilize. Mimi ndiye mnayeniita Mama Kiti. Jina hilo nililipata kwa sababu ya kile kiti kirefu cha mwamuzi, ambacho nilikikalia kwanza Iringa nilikozaliwa, kisha hapa Mbeya nilikoolewa na kustaafia. Mgongo wangu unakikumbuka mpaka leo kila baridi ya Julai inapoingia.

Watu wanadhani kazi ya mwamuzi ni kusema mpira umeingia au umetoka. Wee! Hiyo ni kazi ya macho, na mtu yeyote mwenye macho mazuri ataiweza. Kazi yenyewe ni kukaa kule juu mchana kutwa ukimtazama mtu mzima, mwenye ndevu zake, akidundadunda mpira chini mbele yako huku dunia nzima inamsubiri, na wewe usivue kiatu ukamtupia. Ukiweza hilo, mengine utajifunza.

Na wabaya zaidi ni hawa wachezaji wa kulipwa. Yule anayecheza jioni akitoka benki hana vituko, ana tumbo tu. Wa kulipwa anakuja na vituko vyake vimepangwa kwenye begi pamoja na raketi. Alikuja mmoja Iringa kutoka Dar, kijana mrefu, mpole ukikutana naye kantini. Uwanjani sasa! Kabla ya kuanzisha mpira anavuta soksi ya kushoto, anajikuna bega, anabusu nyuzi za raketi, anarudi kuvuta soksi ileile. Siku ya kwanza nilidhani viroboto wa kwenye banda letu la kubadilishia nguo wamempata, nikamwambia mtunza uwanja apige dawa. Kumbe ndiyo staili.

Mwingine alikuwa hakubali mpira mpaka aletewe mitatu, aikague mmoja mmoja kama mama anayechagua nyanya soko la Mwanjelwa, arudishe miwili. Namuuliza, kaka, mipira yote imetoka kopo moja, unatafuta nini? Ananiambia, "Madam, huu una manyoya mengi." Ndiyo mpira wa tenisi, jamani, sasa alitaka uwe na magamba?

Halafu kuna hawa wanaotoka pwani na kupanda huku kwetu. Mbeya tuko juu, hewa nyepesi, mpira ukipigwa unasafiri. Mpira ambao Dar ungeangukia ndani ya mstari, hapa unakwenda kugonga uzio. Mwenyeji anajua, anapunguza mkono. Mgeni yeye anautazama mpira ukienda zake, kisha anatazama raketi. Baadaye anatazama nyuzi. Mwisho ananitazama mimi. Hajawahi kutokea hata mmoja akautazama mlima Loleza pale nyuma yangu akasema, aa, kumbe. Wote tatizo lao ni mwamuzi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Ambilikile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwamuzi wa zamani aliyekuwa anavaa koti la suti hata jua likiwaka. Alinifundisha kusoma alama ya mpira kwenye uwanja wetu wa udongo. Na ninyi lishikeni hili, maana huku bado hatuna mashine za kuonyesha mpira umedondoka wapi. Mpira ukidondoka unaacha alama kama yai. Ukigusa mstari, chokaa inachafuka na punje nyeupe zinarukia upande unakoelekea mpira. Shukeni kwenye kiti, chuchumaeni, itazameni kwa pembeni. Na msikubali hata siku moja mchezaji awaonyeshe alama kwa kidole chake, kwa sababu atawaonyesha ya jana.

Mzee huyohuyo ndiye aliyenifundisha kunyamaza. Siku zangu za mwanzo nilikuwa mbishi. Mimi ni Mhehe, ninyi mnatujua. Mchezaji akinijia chini ya kiti na maneno, na mimi nateremsha yangu. Mzee Ambilikile akaniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "ukimjibu mara moja umemjibu. Ukimjibu mara mbili, umeshakuwa mke wake. Mwambie, nimekusikia, halafu itazame saa yako." Niliyashika hayo maneno, na niliwahi kuyatumia hata nyumbani kwa marehemu mume wangu, yakafanya kazi vizuri.

Lakini kunyamaza nako kuna mitihani yake. Kuna dada mmoja alikuwa akipiga mpira anatoa sauti, na siyo sauti ndogo. Mpira huku, sauti mpaka stendi. Wagonjwa wa zahanati ya jirani walikuwa wanatoka nje kuangalia nani anachinjwa. Nilivumilia seti nzima. Wakati wa kubadilishana pande nikamgeukia mwamuzi wa mstari, nikamnong'oneza, "Hivi huyu anacheza au anajifungua?" Haki ya Mungu, sikujua kipaza sauti kiko wazi. Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Yule dada naye akacheka mpaka akakaa chini, na kuanzia hapo akawa anapiga kimyakimya. Kwa hiyo wanangu, kitu cha kwanza mkikaa kitini, kagueni kile kitufe.

Basi. Sasa niwaambie habari ya Salome na Atupele, maana kila nikikutana na ninyi mnaniuliza hiyohiyo, na clip mliyoiona kwenye simu imekatwa mwanzo na mwisho.

Atupele ni binti wa Uyole. Mama yake anauza viazi pale sokoni, na mtoto alijifunzia tenisi kwenye ukuta wa ghala kwa raketi ya kuazima, mpaka klabu yetu ikamchukua. Alipofikisha miaka kumi na tisa alikuwa hana mpinzani Mbeya nzima. Tatizo likawa ni hilo: amewamaliza, na nauli ya kwenda kutafuta wengine hakuna. Mwaka huo wafadhili wa mashindano yetu wakatangaza kwamba bingwa wa wanawake atachukuliwa kwenye kambi ya wachezaji wa kulipwa, mwaka mzima, chakula, kocha na safari za mashindano juu yao. Atupele akifungwa, anarudi kupima viazi. Hapakuwa na njia ya tatu, na kila mtu Uyole alilijua hilo.

Akavuka mpaka fainali. Na fainali akakutana na Salome.

Salome alikuwa ameshakula chumvi kidogo kwenye mchezo huo. Mngoni wa Songea, makazi yake Dar, anachezea pesa, namba yake ya ubora iko juu. Mchezaji hodari sana, nasema ukweli. Ila kwa vituko! Vyote nilivyowatajia hapo juu, yeye alikuwa navyo chini ya paa moja. Kubwa kuliko yote lilikuwa taulo. Alikuwa analitundika kwenye uzio wa nyuma, na kila pointi ikiisha, ameshinda ameshindwa, anakwenda kujifuta. Baridi ya Mbeya, mwezi wa saba, mimi kule juu nimejifunga kitenge juu ya sweta, mwenzetu anafuta jasho.

Sasa sikilizeni kosa la klabu yetu, ambalo sijui kama lingeweza kutokea mahali pengine. Mwenyekiti alikuwa amekodisha uwanja kwa watu wa sendoff, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi. Siku hiyohiyo ya fainali! Alidhani tenisi ni kama mpira wa miguu, dakika tisini watu wanakwenda nyumbani. Alipogundua, akaita kamati, na kamati ikatoka na azimio: saa kumi na moja jioni mechi inasimama, iishe isiishe. Ikiwa haijaisha, ushindi unakwenda kwa mwenye namba ya juu. Yaani Salome.

Niligomba. Niliwaambia, ninyi mnampa mtu sababu ya kutocheza. Mwenyekiti akaniambia, "Mama Kiti, kazi yako ni kuhesabu pointi." Nikamwambia nimekusikia, nikaitazama saa yangu.

Wakagawana seti mbili za kwanza. Ya tatu Atupele akaongoza, gemu tano kwa tatu. Anahitaji moja tu. Zamu ya kuanzisha ni ya Salome, na saa kumi na nusu imeshapita. Nje ya uzio wale wa sendoff wameshafika na Fuso lao: viti, maturubai, maua, spika kubwa kama makabati. Wamesimama wanatutazama, na wapambaji wanatazama jua.

Hapo ndipo Salome alipofungua begi la vituko. Kamba ya kiatu ikafunguka. Kamba ya kiatu kingine ikafunguka. Akaenda msalani, na sheria inamruhusu. Akamwita daktari amtazame kidole cha mguu, na sheria inamruhusu. Sheria inasema kati ya pointi na pointi ni sekunde ishirini na tano. Yeye anakwenda kwenye taulo polepole, anajifuta uso, mkono, mkono mwingine, anarudi polepole, anadunda, anadunda, na saa yangu ikikaribia kabisa kufika, tap! anaanzisha. Sikupata hata pa kumwonya. Alikuwa anaijua ile saa kuliko mimi niliyeivaa.

Na gemu lenyewe halikuisha. Wanasawazisha, anaongoza huyu, wanasawazisha tena. Atupele akaanza kunitazama. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele na khanga mdomoni. Nilikuwa na hasira, wanangu. Na nilichoweza kufanya ni kusema, "Sawa kwa sawa," kwa sauti ileile ya kila siku.

Ndipo akatokea shangazi.

Bibi harusi alikuwa mtoto wa Kihehe, na ukoo wake ulikuwa umepanda basi kutoka Iringa. Shangazi yake, mama mnene wa Kihesa aliyevaa sare ya zambarau, alikuwa amechoka kusimama. Akamuuliza mtu, "Huyu anayejifutafuta ni nani?" Akajibiwa, "Ni Salome, Mngoni wa Songea."

"Mngoni!" Sauti hiyo ilifika kwangu bila kipaza. "Kumbe tunacheleweshwa na mtani? Na ninyi mmekaa kimya?"

Mnajua Wahehe na Wangoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaachia wajukuu utani. Mtani anakuja kwenye msiba wako anakukalia jeneza, anakuja kwenye harusi yako anabeba sufuria la pilau, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, umejiaibisha wewe na kwenu kote. Shangazi akazunguka nyuma ya uzio polepole na hina zake, akanyoosha mkono juu ya waya, akalivuta taulo la Salome. Akajifunga kichwani.

Salome akafika kwenye uzio, akakuta waya mtupu.

"Mama, naomba taulo langu," akasema.

"Taulo lipi, mtani? Hiki ni kilemba changu. Babu zako walikuja Uhehe wakatoka mbio, hawakuwa na muda wa kujifuta. Wewe umejifunza wapi? Kamalize huko, uje ulikomboe kwa kucheza mbele ya bibi harusi."

Uwanja ukalipuka. Salome akageuka kunitazama, mdomo wazi, mkono umeshanyooka kushtaki. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Dada, kitabu cha sheria hakina ukurasa wa watani. Nami pia ni Mhehe, kwa hiyo usinitafute ubaya. Sekunde zako zinakwenda."

Nikaona uso wake unapigana na wenyewe. Angeweza kuita msimamizi mkuu, na angesikilizwa. Lakini habari ingefika Songea kabla ya jua kuzama kwamba binti yao amemshtaki mtani kwa taulo. Akacheka. Akacheka kicheko cha kweli, akamgeukia shangazi: "Haya, Wahehe wala mbwa ninyi! Likinuka nikirudishiwa, mtanifulia!" Akafuta mikono kwenye sketi, akaenda kuanzisha.

Na hapa ndipo wengi walipotarajia ashindwe. Wapi! Yule dada bila taulo alikuwa moto. Alikuwa hana pa kwenda, basi akawa anacheza tu. Alimaliza gemu kwa mipira miwili ambayo Atupele hata hakuigusa. Tano kwa nne. Nilijiuliza miaka yote hiyo alikuwa anaficha nini nyuma ya kitambaa, maana mchezo wa namna ile sijawahi kuuona kwake kabla wala baada.

Sasa zamu ya kuanzisha ikawa ya Atupele. Ashinde gemu hili, amemaliza. Na nikaliona jambo ambalo sikulipenda. Mtoto anadunda mpira. Anadunda, anautazama, anadunda. Atupele ambaye siku zote anarusha anapiga! Sekunde zikaisha. Nikasema kwenye kipaza, "Kosa la muda. Onyo, Atupele." Watu wakaguna. Akashtuka, akaanzisha, akaendelea vizuri. Pointi kwa pointi, mpaka arobaini kwa thelathini. Pointi moja. Saa ya ukutani pale kantini ilikuwa imebakiza dakika ambazo hazitoshi gemu jingine. Kila mtu alielewa: ni hii, au ni viazi.

Akasimama kwenye mstari. Akadunda. Akadunda. Mama yake akafumba macho. Saa yangu inakwenda, nami moyoni naomba, rusha mwanangu, rusha, rusha jamani. Akadunda.

Sheria inasema onyo ni moja. Kosa la pili, mwanzishaji ananyang'anywa mpira wa kwanza, anabaki na mmoja. Na hapakuwa na mtu uwanjani ambaye angenilaumu kama ningeisahau saa kidogo. Salome mwenyewe asingesema kitu, siku hiyo alikuwa amechezea sekunde zake kupita kiasi. Mimi nilimtaka yule mtoto ashinde kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kutoka kwenye kiti kile.

"Kosa la muda," nikasema. "Mpira wa pili."

Yesu wangu! Matusi niliyoyapata! Kwa Kinyakyusa, kwa Kisafwa, na ya Kihehe ndiyo niliyaelewa vizuri zaidi. Shangazi alivua kile kilemba akanipungia nacho kwa hasira: "Wewe mama ni wetu au umenunuliwa Songea?" Mwenyekiti alishika kichwa. Atupele akainua uso, akanitazama. Yale macho, wanangu. Mtoto niliyempa chai na maandazi nyumbani kwangu mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya, niliyemfunga kidonda cha goti, alinitazama kama mtu aliyeingia kwao usiku kuiba.

Hakudunda tena. Aliurusha ule mpira palepale alipokuwa amesimama, akaupiga kwa hasira yote aliyokuwa nayo, na hasira hiyo ilikuwa juu yangu mimi, siyo juu ya Salome. Mpira wa pili watu huubembeleza. Yeye aliupiga ukachimba kona ya ndani, chokaa ikaruka, Salome akajinyoosha mpaka mwisho wa mkono, raketi ikaugusa kidogo tu, ukafia wavuni.

"Gemu, seti, mechi," nikasema, na hapo sauti ya kila siku ikanikatikia.

Wakakumbatiana wavuni. Salome alimnong'oneza kitu wakacheka wote, na kule nyuma watu wa sendoff wameshaanza kuingiza viti, wala hawana habari. Kisha Salome akaja kwenye kiti, akanipa mkono, akasema, "Mama, wewe ni mgumu." Nyuma yake anakuja Atupele. Nikainama, nikaunyoosha mkono wangu chini.

Akapita. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akaniacha na mkono hewani mbele ya watu wote.

Kumkatalia mwamuzi mkono, wanangu, hakuna kituko kibaya kuliko hicho, na nimevikuta vingi. Hufanywa na wale wakubwa tu, wale wenye mechi zao na hasira zao, wasiohitaji chai ya mtu. Nilikaa kule juu machozi yananitoka mpaka wapambaji wakaniomba niteremke wafunge maua kwenye kiti. Walidhani nimeumia. Nilikuwa nafurahi: yule mtoto wa Uyole alikuwa tayari ni mchezaji wa kulipwa.